Lebo Haishoni Nguo

Upo ufundi mpya wanaofundishwa vijana wetu kwa jina la ujasiriamali, nao hauhitaji kujua kukata kitambaa wala kushika cherehani. Kijana hununua dazeni kadhaa za fulana Kariakoo, au soko la Mwanjelwa jijini Mbeya iwapo nauli ya Dar es Salaam imemshinda. Fulana hizo zimeshonwa China, Uturuki au Bangladesh. Huchukua wembe akaondoa lebo ya ukosini, kisha humpelekea fundi lebo nyingine yenye jina alilolibuni mwenyewe, ambalo mara nyingi ni la Kiingereza au lina mwangwi wa Kiitaliano. Fundi huishona kwa dakika chache. Kijana hupiga picha akiwa ameivaa, huiweka mtandaoni na kuandika chini yake kwamba nguo hiyo imebuniwa na kushonwa Tanzania. Kuanzia siku hiyo huitwa mbunifu wa mitindo na mwanzilishi wa chapa.

Naandika makala haya nikiwa Kisiba, safari fupi kutoka mji wa Tukuyu, mahali ambapo mtu angedhani mambo ya chapa za mavazi hayajafika. Yamefika. Simu ya mkononi imeyafikisha kila kijiji chenye mtandao, na picha zinazopigwa kando ya ziwa letu la Kisiba, ambalo wageni wengi hulijua kwa jina la Masoko, hazipungui uzuri zile za Masaki au Oysterbay. Wasemaji wa semina huwaambia vijana kwamba hii ndiyo njia fupi ya kutoka katika ukosefu wa ajira. Hoja yangu ni kwamba njia hiyo ni fupi kwa sababu imeiruka kazi yenyewe, na kwamba jamii inayoishangilia inajifunza kusema uongo juu ya jambo ambalo yenyewe imeumizwa nalo kwa miaka mingi.

Niweke mpaka mapema ili nisieleweke vibaya. Sipingi uchuuzi. Mtu anayenunua bidhaa Kariakoo na kuiuza Tukuyu kwa faida anafanya kazi halali na yenye manufaa, maana amebeba gharama ya safari, hatari ya hasara na usumbufu wa kutafuta mzigo. Wala sipingi mfanyabiashara kutia alama yake juu ya kitu ambacho hakukitengeneza kwa mikono yake. Pwani yetu ina mfano mzuri wa jambo hilo. Kanga, vazi ambalo tumelifanya kuwa sehemu ya utu wetu, kwa muda mrefu lilichapwa Ulaya, kisha Japani na India, huku wafanyabiashara wa Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam wakiagiza. Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, maarufu kwa jina la Abdulla, alitia kwenye kanga zake alama ambayo akina mama wa pwani nzima waliijua: K.H.E., Mali ya Abdulla. Hakuwa na kiwanda cha kuchapa vitambaa, na bado hakuna aliyemwita mwongo.

Kwa nini? Kwa sababu alama yake ilisema jambo la kweli. Mali ya Abdulla maana yake ni mali iliyoagizwa na kuuzwa na Abdulla. Haikudai kwamba Abdulla ndiye aliyeichapa. Zaidi ya hapo, mfanyabiashara wa kanga alifanya kazi ambayo mchapaji wa ng'ambo asingeweza kuifanya peke yake. Alijua mji, pinde, rangi na maneno ambayo wanunuzi wa msimu ule wangeyataka. Mchapaji alichapa kwa kufuata maarifa ya pwani. Jina la muuzaji lilisimama juu ya kazi yake mwenyewe, ingawa rangi na mashine vilikuwa vya wengine. Huo ndio mzani ninaoutumia: si nani aliyeshika sindano, bali lebo inasema nini na nyuma yake kuna kazi gani.

Upande wa pili wa mzani huo una historia pia, tena hapahapa kwetu. Mwaka 1835 daktari wa jeshi la majini la Marekani, W. S. W. Ruschenberger, alifika Zanzibar akiwa safarini, na baadaye akaandika alichokiona. Wakati huo kitambaa cha pamba kutoka Marekani, ambacho Waswahili walikiita merikani, kilikuwa kimepata sifa kubwa kwa uimara wake. Ruschenberger anaeleza kwamba Waingereza walijaribu kugonga alama za Kimarekani juu ya vitambaa vyao wenyewe ili vifanane na merikani. Wanunuzi waligundua. Anasema walifikia mahali pa kukataa kabisa kununua kwa Waingereza kwa kuogopa kudanganywa. Yeye alikuwa Mmarekani akisifu mali ya kwao, na hilo tulitie maanani. Lakini mantiki ya soko anayoieleza kila mnunuzi anaijua. Mteja aliyedanganywa mara moja haishii kuikataa nguo ile moja. Huwakataa wote wanaofanana na aliyemdanganya, akiwemo mwaminifu. Kwa hiyo anayebandika lebo ya uongo hatumii mtaji wake peke yake, bali hutumia pia imani iliyojengwa na wengine, na hasara yake huwaangukia wengine.

Hili ndilo linalonitia uchungu ninapowatazama mafundi wa Kisiba na Tukuyu. Wapo wanawake na wanaume wanaoshona sare za shule, magauni ya harusi na suti za ubatizo, wenye cherehani za kukanyaga kwa mguu, wanaojua kupima mwili wa mtu kwa jicho kabla ya kufungua futi. Siku fundi kama huyo atakapotaka kuiuza kazi yake mtandaoni na kuandika kwamba imeshonwa Rungwe, atakuta maneno hayo yamekwisha kuchakazwa. Mnunuzi wa Dar es Salaam atakuwa ameshanunua fulana ya dukani yenye maelezo hayohayo, ameiona kwa bei ya chini mtaa wa pili ikiwa na lebo nyingine, na ameapa kutodanganywa tena. Mkweli atalipa deni la mwongo.

Sheria nayo haikukaa kimya. Tanzania Bara ina Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, ambayo leo inasimamiwa na Tume ya Ushindani, FCC. Sheria hiyo inakataza kuiwekea bidhaa maelezo ya biashara yaliyo ya uongo, na miongoni mwa maelezo hayo ni mahali bidhaa ilipotengenezwa. Wengi hudhani sheria hiyo inahusu tu wale wanaoiga viatu na mikoba ya kampuni maarufu za ng'ambo, ambao mizigo yao huonekana ikiteketezwa katika taarifa za habari. La hasha. Anayeandika "Imetengenezwa Tanzania" juu ya fulana iliyotoka kiwandani Guangzhou hajaiba jina la kampuni yoyote, lakini amesema uongo ambao sheria inautaja. Wengine hujikinga kwa kusema wamesajili jina lao BRELA chini ya Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986. Usajili huo unampa mtu haki ya kulitumia jina na kuwazuia wengine wasilitumie. Haumpi haki ya kusema uongo juu ya nguo iliyobeba jina hilo. Hati ya BRELA ni uthibitisho kwamba jina ni lako. Haithibitishi kwamba mshono ni wako.

Lakini nisiishie kwenye sheria, maana mambo mengi ya aibu ni halali, na sisi watu wa Rungwe tunalo funzo lililo karibu zaidi kuliko kitabu chochote cha sheria. Tazama mashamba ya chai. Mkulima wa Rungwe huamka alfajiri yenye ukungu, huchuma majani mawili na kichomozo kimoja, huyabeba hadi kituo cha kupimia. Chai hiyo husindikwa na sehemu kubwa huuzwa kwa wingi kwa wanunuzi wakubwa, huchanganywa na chai ya nchi nyingine, na hatimaye huingia ndani ya pakiti yenye jina la kampuni ambayo mchumaji hajawahi kuiona. Anayekunywa chai hiyo London hajui kama Rungwe ipo duniani. Thamani kubwa hubaki kwa mwenye jina juu ya pakiti. Tumelilalamikia jambo hili katika mikutano ya wakulima, bungeni na vyuoni, na tumekuwa na haki ya kulalamika.

Shuka kidogo kuelekea ziwani Nyasa, ufike Kyela. Mchele wa Kyela una harufu na ladha iliyoupatia heshima nchi nzima, na kwa sababu hiyohiyo karibu kila soko la mjini lina gunia lenye kibao cha Kyela, hata kama mchele uliomo haujawahi kuiona Kyela. Hapo jina la mkulima halikufutwa. Limeibwa na kuvikwa mali ya mwingine. Kwenye chai tunafutwa, kwenye mchele tunaigizwa. Mtu wa ukanda huu anaijua njia zote mbili za kudhulumiwa kwa lebo. Sasa kijana wetu anapokata lebo ya mshonaji wa mbali na kubandika jina lake, amefanya yote mawili kwa wembe mmoja: amemfuta aliyefanya kazi na ameliazima jina la mafundi wa kwao kupamba mali ya kiwanda. Je, tutasimama wapi tena kuidai haki ya mchuma chai?

Wapo watakaonijibu kwamba kampuni kubwa za mavazi duniani nazo hazishoni. Ni kweli kwamba kampuni kama Nike hutegemea viwanda vya watu wengine. Lakini kampuni ya namna hiyo huajiri wabunifu, huchora, huchagua kitambaa, hutoa vipimo, hujaribu sampuli na kuikataa shehena isiyofaa. Anayenunua dazeni iliyokwisha kushonwa kwa ajili ya yeyote hajafanya hata moja kati ya hayo. Na bado kampuni hizo hazina usafi wa kutufundisha. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza, karibu na Dhaka nchini Bangladesh, liliporomoka na kuua watu zaidi ya 1,100, wengi wao wakiwa washonaji. Zipo kampuni ambazo uhusiano wao na jengo lile ulithibitishwa na lebo zilizookotwa ndani ya kifusi. Lebo, ambayo ilikuwa chombo cha kutafutia faida, iligeuka shahidi. Dunia ikauliza swali lililo sahihi: kama jina ni lako siku ya kuuza, mbona si lako siku ya kuzika?

Swali hilo hilo namuuliza mwenye chapa wa Tukuyu. Fulana yako ikichuja rangi na kuharibu nguo nyingine za mteja, ni nani anayejua rangi gani ilitumika? Kitambaa kikimwasha mtoto ngozi, ni nani atakayeeleza kimechanganywa na nini? Kuwa na jina juu ya nguo ni kukubali kujibu maswali kama hayo. Aliyeikata lebo ya kwanza ameukata pia ule uzi mwembamba ambao ungeweza kumwongoza mteja hadi kwa anayejua.

Hoja ya pili, ambayo ni nzito zaidi, ni ya mtaji. Watasema: kijana hana milioni za kununulia mashine, aanze na lebo, kisha akishapata faida ataanza kushona. Naiheshimu hoja hii kwa sababu umaskini si mzaha. Hata hivyo, tuifanyie hesabu ya mfano. Tuseme fulana moja inanunuliwa kwa shilingi 9,000, lebo na kuishona ni shilingi 1,000, mfuko mzuri wa karatasi ni shilingi 2,000, na inauzwa kwa shilingi 30,000. Faida ya 18,000 kwa kila fulana inavutia. Lakini ni kitu gani kinachomzuia jirani kununua dazeni ileile katika duka lilelile, akashona lebo yake na kuuza kwa 25,000? Na wa tatu kwa 20,000? Hakuna. Hana siri ya mkato, hana kipimo chake, hana mshono wake. Ushindani utaishusha bei hadi ikaribie gharama, na atakayebaki na faida ya uhakika ni muuza jumla wa Kariakoo na mtengeneza lebo. Baada ya miaka mitatu kijana wetu atakuwa amejifunza kupiga picha, na bado hajui kutia zipu.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Tulizoea kulitumia neno hilo kwa anayejionyesha kwa mali ya mwingine, lakini ni onyo la kiuchumi pia. Ujuzi wa kuazima haumsitiri mtu siku soko linapobadilika.

Tena mtaji wa kuanzia kushona si mkubwa kiasi cha kutisha. Cherehani moja, meza ya kukatia, pasi na fundi mmoja mwenye subira ya kufundisha ni mwanzo halisi. Soko la kwanza lipo mlangoni: sare za shule. Kila shule ya wilaya hii ina watoto wanaokua, na kila mwaka vipimo hubadilika. Anayeshona sare 200 atajifunza kukata kwa vipimo, kutunza kitambaa, kurudia mshono uleule bila kuyumba na kumaliza kazi kwa tarehe. Huo ndio msingi wa chapa yoyote ya mavazi, na haupatikani kwa wembe.

Lawama haiwahusu vijana peke yao. Tumewarithisha nchi inayolima pamba na kuuza nje sehemu kubwa ya nyuzi zake zikiwa ghafi. Urafiki ilifunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China. Mwatex, Mutex na Mbeyatex ni majina ambayo vijana wengi huyasikia kwa wazazi tu. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua. Marekani ilipokunja uso na kutishia nafasi ya nchi zetu katika soko la AGOA, wengi tulirudi nyuma. Rwanda iliyoshikilia msimamo ilisimamishiwa mwaka 2018 nafuu ya kuuza mavazi Marekani bila ushuru. Katika mazingira hayo, kumwambia kijana ashone kunataka ujasiri. Lakini kumwambia abandike lebo ni kumkabidhi kushindwa kwetu na kukuita fursa.

Vyuo vikuu navyo vijitazame. Tumelifanya somo la ujasiriamali kuwa somo la maneno: andiko la biashara, nembo, kaulimbiu, hotuba ya dakika tatu mbele ya majaji. Mwanafunzi hupata alama za juu kwa bidhaa ambayo haipo. Halafu tunashangaa akihitimu akiamini kwamba nembo ndiyo bidhaa. Anayefundisha kuuza kabla ya kufundisha kutengeneza amekwisha kuufundisha uchuuzi, hata akiuita ubunifu.

Nini kifanyike? Kwanza, lebo iseme kweli. Kijana anayechapa maneno au picha juu ya fulana ya kiwandani aandike hivyo bila haya: imeshonwa China, imechapwa Tukuyu. Uchapaji ni kazi, na mteja anayependa mchoro atalipa. Pili, anayeshonewa na fundi aliweke jina la fundi kwenye lebo, au walau jina la kijiji. Fundi wa Kisiba anastahili kuonekana kama tunavyotaka mchuma chai wa Rungwe aonekane. Tatu, halmashauri, ambazo hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, zivipe kipaumbele vikundi vyenye mashine na mwanagenzi kuliko vyenye nembo na picha. Nne, FCC isiishie bandarini na kwenye maghala ya Kariakoo. Itoe elimu kwa vijana hawa kabla ya kuwafikia kwa adhabu, maana wengi hawajui kwamba maneno mawili ukosini yanaweza kuwa kosa.

Ziwa letu la Kisiba lina masimulizi ya sarafu za Wajerumani waliokuwa na boma lao pale Masoko. Wageni huzitafuta mchangani, na wenyeji wamewahi kuziokota. Kila sarafu ina mhuri wa dola iliyoahidi thamani yake. Dola ile iliondoka, ahadi ikafa, na mhuri umebaki kuwa pambo la kumwonyesha mtalii. Lebo ni mhuri wa namna hiyo. Thamani yake haizidi uwezo wa aliyeitoa wa kusimama nyuma yake. Kijana wa Rungwe anayetaka jina lake livaliwe hadi Dar es Salaam na Nairobi ajiulize swali moja kabla ya kuagiza lebo 1,000: mteja akija kesho na nguo iliyofumuka, akasema "ishone tena," je, ataweza?